Kamera ya tumbo: daktari anayejifunza hakufanyii majaribio

Hapa Kisumu, mtu akiandikiwa kipimo cha kamera ya tumbo (mpira mwembamba wenye kamera kwenye ncha, unaopitishwa mdomoni hadi tumboni) na kusikia kuna daktari anayejifunza chumbani, hakosi wa kumwambia akimbie: "Watakufanyia majaribio!" Sivyo.

Kwenye mafunzo ya maana, mkono huzoeshwa kwanza kwa kompyuta ya mazoezi, mfano wa plastiki au tumbo la nguruwe kutoka kichinjioni. Mkono wa kushoto hushika kichwa cha mashine na kuzungusha magurudumu mawili: moja hupeleka ncha juu na chini, jingine kushoto na kulia. Wa kulia husukuma mpira. Macho, wakati huo wote, yako kwenye skrini. Jaribu kujifunza hayo kwa kitabu!

Mwanafunzi akifika kwa mgonjwa, mwalimu yuko ubavuni mwake, tayari kuipokea mashine. ASGE, chama cha Marekani cha madaktari wa kipimo hiki, hupendekeza angalau vipimo 130 vya tumbo chini ya usimamizi kabla hata ya kupima umahiri wa mwanafunzi. Na saratani ya umio, njia ya chakula ambayo kamera hii hupitia, ilivyotuandama huku magharibi mwa Kenya, mimi nahofia zaidi uhaba wa wanaojua kazi hii.

Uliza nani atashika mashine. Ukitaka kukataa, ni haki yako.