Metali Haba kutoka Mtoni hadi Baharini: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Mto Nairobi unapofurika wakati wa masika na maji yake kuwa mekundu, wengi wetu mjini huwaza taka za viwandani. Dhana kwamba kila metali iliyomo mtoni, hata zile haba zilizomo kwa kiasi kidogo mno, imetupwa na binadamu imeenea sana, nayo haikosi msingi, kwa kuwa uchafuzi wa mto huu ni mkubwa na wa kusikitisha. Hata hivyo, wekundu ule ni wa oksidi za chuma zilizo katika udongo wa Kiambu na viunga vyake, udongo uliotokana na miamba ya volkano iliyochakaa kwa muda mrefu. Maji ya mvua hubeba kaboni dioksidi kutoka hewani na udongoni, yakawa na asidi kidogo, na asidi hiyo huyala madini ya mwamba polepole. Palipokatwa kilima ili kupitisha barabara, mtu aweza kuokota jiwe lenye ganda la kahawia linalomeguka kwa ukucha, ilhali kiini chake bado ni kijivu na kigumu. Ganda hilo ndipo metali zinapoachiliwa kuanza safari.

Wengine hudhani kwamba isotopu zote hutoa mionzi ya hatari. Isotopu ni atomu za elementi moja zinazotofautiana kwa idadi ya nyutroni, na nyingi kati ya zile zinazotumiwa kufuatilia metali baharini ni thabiti kabisa. Uwiano wa isotopu hizo ndio unaotuambia metali ilitoka wapi. Strontiamu-87, isotopu ya metali iitwayo strontiamu, kwa mfano, huongezeka kadiri rubidiamu-87 iliyomo mwambani inavyogeuka kuwa hiyo polepole mno, na kwa hiyo miamba ya kale ya Ukambani, iliyogeuzwa na joto na shinikizo zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, haiwezi kuwa na uwiano sawa na volkano changa za Nairobi.

Huenda mtu akakata shauri kwamba mto hubeba nakala kamili ya mwamba wake. Sivyo, kwa sababu madini hayayeyuki kwa kasi moja, na tena udongo wa mfinyanzi unaojijenga njiani huchagua cha kubakiza. Lithiamu ni mfano bora: mfinyanzi hupendelea isotopu nyepesi, lithiamu-6, na kuyaachia maji ile nzito, ndiyo maana maji ya mito kwa kawaida huwa na lithiamu-7 nyingi kwa uwiano kuliko miamba yenyewe, na maji ya bahari yakaizidi hata mito.

Dhana inayopotosha zaidi, kwa maoni yangu, ni ile ya kuuona mto kama bomba linalomimina baharini kila lilichobeba. Mto Nairobi huingia Athi, Athi ukaitwa Galana baada ya kupokea Tsavo, kisha ukafika bahari ya Hindi karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Hapo mlangoni, maji matamu yanapokutana na chumvi, hesabu yote hubadilika. Chuma kingi kinachoonekana kuwa kimeyeyuka mtoni kwa kweli kimo katika chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme inayozifanya zisukumane. Chumvi huidhoofisha chaji hiyo, chembe zikashikamana, zikawa nzito, zikazama. Katika mito mingi sehemu kubwa ya chuma hicho, wakati mwingine hadi asilimia 90, huishia mlangoni bila kuiona bahari kuu. Sehemu ya neodimiamu, metali nyingine haba, huzama vilevile, ingawa mashapo yaliyotua sakafuni yanaweza kuiachilia tena baadaye, na suala la kiasi gani hurudi majini bado linawashughulisha watafiti.

Bariamu, nayo pia metali, hufanya kinyume. Ikiwa imeganda juu ya mfinyanzi, huachia inapofikiwa na chumvi, ikayeyuka majini na kuingia katika mifupa ya matumbawe. Matumbawe ya Malindi yaliyokua kwa takriban miaka 300 yametunza bariamu hiyo tabaka kwa tabaka, na kiwango chake kilipanda kwa ghafla tangu mwanzoni mwa karne ya 20, wakati ardhi ya juu mtoni ilipofyekwa na kulimwa chini ya ukoloni.

Mwisho, bahari si chungu kilichokorogwa vizuri kwa kila metali. Strontiamu hukaa majini kwa mamilioni ya miaka, na kwa kuwa bahari zote huchanganyika kwa takriban miaka 1,000, uwiano wa strontiamu-87 kwa strontiamu-86 ni 0.7092 kila mahali, uwe Mombasa au Pasifiki. Neodimiamu hudumu mamia ya miaka tu. Kwa hiyo maji ya kina ya Atlantiki ya Kaskazini, jirani ya miamba ya kale mno ya Kanada na Greenland, yana neodimiamu-143 kidogo kwa uwiano kuliko yale ya Pasifiki, iliyozungukwa na volkano changa, na mikondo ya zamani hufuatiliwa kwa tofauti hiyo iliyobaki katika mashapo ya sakafu ya bahari.