Kwa nini medali ya baba mkubwa aliyefia Burma haina jina lake?

Mzee alilivuta sanduku la bati kutoka uvunguni, akalifungua juu ya mkeka. Nje, Tukuyu ilikuwa imefunikwa na ukungu kama kawaida yake. Ndani ya sanduku kulikuwa na hati ya shamba, kitenge kilichokunjwa vizuri, na chini kabisa kiboksi cha karatasi ngumu. Ndani ya kiboksi, nyota ya rangi ya shaba yenye pembe sita, na utepe wake pembeni.

“Hii ni ya baba mkubwa,” akasema. “Alikwenda na jeshi la Keya, hakurudi. Mwanangu, wewe umesoma. Nisomee jina lake hapo.”

Niliisogeza dirishani kwenye mwanga, nikaigeuza mbele na nyuma, nikakagua kila pembe. Katikati kulikuwa na taji na herufi za mfalme George wa Sita, na kuzizunguka, maneno ya Kiingereza yanayomaanisha Nyota ya Burma, nchi ambayo leo inaitwa Myanmar. Jina la mtu halikuwapo.

Ukiwa na medali ya Vita Kuu ya Kwanza, ile ya 1914 hadi 1918, ungelipata. Igeuze medali ya fedha ya vita hivyo, uangalie ule ukingo mwembamba wa duara. Hapo wamegonga namba ya askari, cheo kwa kifupi, jina na kikosi. Vita vya pili vilipokwisha, serikali ya Uingereza ilikuwa na mamilioni ya medali za kutoa na hazina iliyokauka. Ikaamua zile za jeshi lake la nchi kavu zitoke bila jina, ili kuokoa gharama na muda. India, Australia na Afrika Kusini ziliwaandikia askari wao majina. Keya, yaani King's African Rifles, lilikuwa jeshi la makoloni chini ya London, na nyota iliyokuwa mikononi mwangu ilitoka tupu. Kwangu mimi, uamuzi huo uliziumiza zaidi familia za askari waliokufa. Aliyerudi aliweza kuishika medali yake na kusema “hii ni yangu”, lakini aliyefia porini hakuwa na wa kumsemea.

Je, ni lazima askari awe ametimiza muda fulani ndipo astahili? Kwa walio hai, ndiyo. Nyota ya 1939 hadi 1945, medali nyingine ya vita hivyo vya pili, ilidai miezi sita kwenye eneo la mapigano. Lakini utumishi ukikatizwa na kifo au majeraha ya vitani, sharti la siku liliondolewa. Ile ya Burma ilikuwa rahisi zaidi kwa askari wa miguu: kuingia tu Burma kikazi kulitosha, kati ya 11 Desemba 1941 na 2 Septemba 1945. Ndivyo ilivyokuwa kwa vijana wa Tanganyika waliokuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Mwaka 1944 walipita bonde la Kabaw katikati ya masika ya kule, wakiwafukuza Wajapani kwenye tope na malaria, hadi Kalewa kwenye mto Chindwin, Desemba. Kijana aliyeangukia njiani kwenye bonde hilo alistahili nyota ileile aliyopata mwenzake aliyefika mtoni.

Hapo watu huchanganya mambo mawili. Nyota hii inasema mtu alikuwapo, haipimi ushujaa. Medali za ushujaa zilikuwa na kanuni yake, nayo ilikuwa ngumu: karibu zote hazikutolewa kwa marehemu. Kwa tendo la kishujaa mbele ya adui, askari aliyekufa aliweza kupewa Msalaba wa Victoria, medali ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, au kutajwa tu kwenye taarifa ya kamanda; hakukuwa na ngazi ya katikati. Mfano uko karibu nasi. Sajini Nigel Leakey alikuwa kwenye batalioni ya 6 ya Keya, batalioni ya Tanganyika. Tarehe 19 Mei 1941 huko Colito, Ethiopia, alirukia kifaru cha Waitalia, akafungua mfuniko na kuwapiga risasi waliokuwemo isipokuwa dereva. Aliuawa siku hiyohiyo alipojaribu kukamata kingine, na Msalaba wake ukatangazwa mwaka 1945. Ushujaa wa marehemu usiofikia kiwango hicho uliishia kwenye kutajwa kwa maandishi, kama kulikuwa na ofisa aliyeuona na kuuandika.

Niliutazama tena utepe wa mzee. Wekundu mpana katikati, bluu iliyokolea pande zote mbili, na kila bluu imepitiwa na mstari wa rangi ya chungwa. Ulikuwa bado na makunyanzi ya kiwandani, haujawahi kushonwa. Hilo pekee si uthibitisho kwamba mwenyewe hakurudi, maana hata waliorudi wapo ambao hawakuzivaa. Lakini utepe wa kifuani hupauka kwa jua, na huu ulikuwa unang'aa kama umetoka dukani jana.

Jina lenyewe hutafutwa kwingine. Burma, kwenye makaburi ya Taukkyan, kuna mnara wenye majina karibu 27,000 ya askari wasio na kaburi linalojulikana, Waafrika Mashariki wakiwemo. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola imeweka orodha yake mtandaoni, kutafuta ni bure. Jaribu tahajia tatu nne, kwa sababu makarani wa jeshi waliandika majina yetu kama walivyoyasikia. Na tafadhali, msiisugue medali kwa majivu ikang'ae, wala msimuuzie mnunuzi wa vyuma chakavu.

Nilimwomba mzee anitajie majina yote ya baba yake mkubwa. Alitaja la ubatizo, la baba yake, kisha lile la utotoni ambalo ni mama mtu tu aliyemwita. Nikayaandika kwa penseli, maana wino huvuja unyevu wa Tukuyu ukiingia. Akaikunja karatasi mara mbili, akailaza ndani ya kiboksi, chini ya nyota.