Sheria imepita, lakini imeanza kutumika?

Habari ya sheria na teknolojia ikivuma, simu yangu hujaa swali moja: "Wakili, ni kweli wameifunga?" Mimi hujibu kwa kuuliza: jambo lenyewe limefika hatua gani?

Chukua TikTok nchini Marekani. Rais Joe Biden alisaini sheria yake Aprili 24, 2024, na watu wakaanza kuagana kana kwamba imezimwa siku ileile. Sheria yenyewe iliipa ByteDance, kampuni mmiliki, siku 270 za kuiuza TikTok, la sivyo ipigwe marufuku, yaani hadi Januari 19, 2025. Wala adhabu haikumlenga anayefungua programu kwenye simu yake. Ilizilenga kampuni zinazoisambaza na kuihifadhi kwenye seva zao: hadi dola 5,000 kwa kila mtumiaji.

Januari 17, 2025, Mahakama ya Juu ikaamua, majaji wote 9 kwa kauli moja, kwamba sheria hiyo haivunji katiba. TikTok ikazimika kwa saa chache, ikarudi. Januari 20, Rais Donald Trump akaagiza sheria isitekelezwe kwa siku 75, kisha akaongeza muda tena na tena. Sheria ilikuwa halali, mahakama ya mwisho imeikubali, tarehe yake imefika, na watu wanaendelea kutazama video zao! Waliosema "imepigwa marufuku" na waliosema "mbona inafanya kazi" wote walikuwa wanaeleza walichokiona. Anayetunga sheria si anayeitafsiri, na anayeitafsiri hana askari wa kuitekeleza.

Jambo jingine linaloniumiza ni neno "hatia". Agosti 5, 2024, Jaji Amit Mehta wa Marekani alipoamua kwamba Google ilivunja sheria ya ushindani katika huduma ya utafutaji, wengi waliandika kuwa imepatikana na hatia. Lile lilikuwa shauri la madai. Hatia ni ya jinai, na ukiitumia hapa msomaji anaanza kusubiri kifungo ambacho hakipo. Tena siku ile jaji alikuwa hajasema Google ifanye nini. Hilo lilisubiri hadi Septemba 2, 2025, alipokataa kuilazimisha iuze Chrome, ila akaizuia kufunga mikataba ya kuwatenga washindani na kuitaka iwape baadhi ya data zake. Aliyeisoma habari ya kwanza tu alibaki mwaka mzima akiamini kampuni itavunjwa.

Kwa hiyo sheria mpya naanza kuisoma mwishoni, maana tarehe mara nyingi hujificha huko. Sheria ya akili mnemba ya Umoja wa Ulaya ina ibara 113, na ni hiyo ya 113 inayosema nini kinaanza lini. Ilipata nguvu Agosti 1, 2024. Makatazo yake yakaanza kutumika Februari 2, 2025. Miezi 6 hiyo katikati, nilijibu ujumbe mwingi sana.