Ukishamwangusha mtu, roho yake iko mikononi mwako

Nafundisha judo hapa Dar na kila mwanafunzi mpya akija, hata mkanda hajajua kuufunga, anauliza "sensei, kibaka akinivamia nimpige wapi?" Sawa, ni haki yake kuuliza, ila mi swali linaloninyima usingizi ni la baadaye kidogo, akishakuwa chini unamfanyaje?

Chukua osoto gari, ile ya kumfyeka mguu kwa nyuma. Kano Jigoro alipoanzisha judo Tokyo mwaka 1882 aliondoa kwenye mazoezi yale mambo ya jujutsu, mapigano ya zamani ya Wajapani, yaliyokuwa yanavunja watu, ili vijana watupane kwa nguvu zote na kesho warudi, lakini hiyo inawezekana kwa sababu wote wawili mnajua. Mwenzako anabana kidevu, anapiga mkono kwenye mkeka, na wewe umemshikilia mkono wa nguo mpaka anatua. Kibaka hajui kuanguka na chini ni lami, au ukingo wa mtaro. Ukiachia ile nguo kisogo ndo kinatangulia. Yaani mbinu ni ileile, tofauti ni mkono wako wa kushoto tu, umevuta juu au umeachia, na ndo maana nawasumbua sana vijana na huo mkono.

Kukaba ndo usiseme. Ukibana mishipa ya pembeni ya shingo mtu anazimika ndani ya sekunde kama 10 hivi. Mkekani akigonga mara mbili, yaani kakubali kushindwa, unaachia, mtaani hamna wa kugonga, ni wewe ujue mwenyewe kwamba kashalegea, na ukiendelea kubana hapo hujilindi tena, unaadhibu. Sheria yetu pia iko hivyo, Kanuni ya Adhabu inakupa nguvu ya kiasi kinachohitajika tu, ukizidisha mtu akafa ni kuua bila kukusudia, hata kama yeye ndo alianza.

Kuna jioni kituoni dogo mmoja alinichomoa simu mfukoni, nikamuwahi, nikamlaza, mkono wake nyuma, simu nikachukua. Nikasikia mtu kapiga kelele "mwiziii!" na wananchi wenye hasira kali hao, mmoja ana helmeti ya bodaboda, mwingine kaokota kipande cha tofali. Mi hatari yangu ilishaisha, ya yule dogo ndo ilikuwa inaanza, na nisingemlaza angekuwa kashakimbia zamani. Nikamwachia mkono nikamlalia juu kichwa chake kifuani kwangu, napiga kelele "simu ninayo! simu ninayo!", helmeti ikanipata begani. Aliyewatuliza ni mama mmoja muuza mihogo, kaja kusimama katikati na mwiko wake, "kaka kasema simu anayo, nyie mnataka nini?" Dogo alikuwa anatetemeka mpaka meno yanagongana, akanishika fulana haachii mpaka polisi wanafika.

Tangu siku hiyo zoezi langu haliishii kwenye kutupa. Ukishamwangusha, wenzako 6 wanakuzunguka wanapiga kelele za mwizi wanasukuma kweli, na kazi yako ni kumtoa yule uliyemwangusha mpaka mlangoni akiwa hajaguswa kichwa. Wengi wanashindwa mara ya kwanza, wanamwacha chini wanaanza kupigana na watu.