Kigeu kwenye anwani maalumu: wanavyodhani na ilivyo

Hapa ni lugha ya C kwenye chipu ndogo za udhibiti, pale unapotaka kigeu (jina la thamani ya programu) kikae kwenye anwani ya kumbukumbu uliyoichagua mwenyewe.

Dhana: ukishaandika anwani kwenye pointa, yaani thamani inayoshika anwani, pale pameshakuwa pako.

Hii ndiyo inayoangusha wengi. Kijana mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga, alitengeneza kidhibiti cha pampu ya kisima kwa chipu ya STM32F103C8. Alitaka hesabu ya mara ambazo pampu imewaka ikae 0x20000100, akaandika:

`#define HESABU (*(volatile uint32_t *)0x20000100)`

Kompaila ikakubali bila onyo hata moja. Lakini kila ujumbe ulipoingia kupitia UART (mlango wa mawasiliano wa chipu), hesabu iliruka kutoka makumi hadi mamilioni. Uchawi haukuwepo. RAM ya chipu hiyo ni KB 20, kuanzia 0x20000000 hadi 0x20004FFF, na linka, programu inayounganisha msimbo na kugawa anwani, hupanga vigeu kuanzia huko huko chini. Bafa ya UART, nafasi ya kupokelea ujumbe, ilikuwa imeshawekwa juu ya anwani ile. Mstari wake haukuomba nafasi yoyote. Ulisema tu "soma na andika pale".

Kwa rejista za vifaa mtindo huo ni sawa kabisa. Rejista za GPIOC (kundi la pini za chipu), kwa mfano, zinaanzia 0x40011000, na linka haipangi kitu huko. Kwenye RAM, zungumza na linka yenyewe: kipe kigeu `__attribute__((section(".hesabu")))`, kisha kwenye skripti ya linka (faili la maelekezo yake) itengee sehemu hiyo eneo lake na uipunguze RAM inayobaki. Ukimega mwishoni mwa RAM, steki, eneo la kazi la muda la fanksheni, kwa kawaida huanzia huko juu ikishuka, kwa hiyo kianzio chake nacho kishushwe. Halafu fungua faili la .map, orodha ya anwani ambayo linka huitoa. Mimi siamini mpaka nimeiona anwani humo.

Vigeu vya ndani ya fanksheni visivyo na `static` usihangaike navyo. Vinakaa kwenye steki au rejista za prosesa: waja leo waondoka leo.

Dhana: `volatile` ndiyo inayokifunga kigeu mahali.

Haifungi. Inaikataza kompaila kuruka usomaji au uandikaji, basi.

Dhana: ni kanuni ya C, itafanya kazi popote.

C sanifu haina kanuni hiyo. Kila kompaila ina yake: GCC hutumia sehemu kama hapo juu, IAR ina alama ya `@`, XC8 ya Microchip ina `__at()`. Ukihama kompaila, mistari hiyo utaiandika upya.

Dhana: anwani ikiwa ile ile, thamani itabaki hata umeme ukikatika.

RAM ikikosa umeme imesahau. Hata ukibonyeza kitufe cha kuanzisha upya tu, msimbo wa mwanzo hufuta .bss (vigeu vinavyoanza na sifuri) na kunakili .data (vyenye thamani ya kuanzia) kabla ya `main`. Ndiyo maana kigeu cha kudumu huwekwa kwenye sehemu yake, nje ya hizo mbili, na kuwekewa `NOLOAD`, yaani isipakiwe thamani yoyote. Kwa umeme unaokatika, chipu ile ile ina rejista 10 za akiba, kila moja biti 16, zinazobaki hai kwa betri ndogo kwenye pini ya VBAT. Hesabu ya pampu ya biti 32 itakula mbili.