Nywila ya siku 90

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko mengine yote katika kazi yangu ya kufundisha na kutafiti usalama wa kompyuta halihusu virusi wala majasusi. Huulizwa na wahasibu, wakutubi na wanafunzi wa fani zisizohusiana na kompyuta, na aghalabu huulizwa kwa hasira: kwa nini mfumo unatulazimisha kubadili nywila kila baada ya siku 90, na je, kuna faida yoyote? Huwa najibu kwamba faida ni ndogo sana na madhara yapo, kisha inanibidi nieleze kwa nini basi sharti hilo bado linasimamiwa na watu wenye akili timamu.

Sharti lenyewe halikuzuka hivi hivi. Mfumo uliotengenezwa vizuri hauhifadhi nywila, bali huhifadhi alama inayotokana nayo kwa hesabu isiyoweza kurudishwa nyuma, kwa hiyo mwizi aliyeiba faili la alama hizo hana budi kukisia nywila moja baada ya nyingine, kuipitisha kwenye hesabu ile ile na kulinganisha matokeo. Ikiwa kazi hiyo inachukua miezi, ilidhaniwa, nywila inayobadilishwa mapema itakuwa imekwisha kufa mwizi atakapoifikia. Ubaoni hoja hiyo inapendeza. Tatizo ni kwamba inachukulia kuwa nywila mpya haina undugu na ile ya zamani, ilhali yeyote aliyewahi kukaa na wafanyakazi siku ya kubadili nywila anajua kwamba undugu upo, tena wa damu. Aliyekuwa na Machi2024! atakuwa na Juni2024!, na aliyemaliza kwa 7 atamaliza kwa 8. Huwa nawaomba wanafunzi wasiniambie nywila zao bali kanuni tu wanayotumia kupata mpya, na majibu hurudia yale yale: ongeza tarakimu, badili mwezi, geuza herufi a iwe @. Programu za kuvunjia nywila zimesheheni kanuni hizo hizo.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, walichapisha uchambuzi wa zaidi ya akaunti 7,700 ambazo wenyewe walikuwa wamelazimishwa kubadili nywila kila baada ya miezi mitatu. Kwa asilimia 17 ya akaunti hizo, anayeijua nywila ya zamani aliweza kuipata inayofuata kwa makisio yasiyozidi matano. Na kama ana faili la alama mkononi, asilimia 41 ya nywila mpya zilivunjika kwa sekunde chache tu kila moja, kwa kompyuta za wakati huo. Tena mwizi wa leo hasubiri siku 90. Akishaipata nywila huitumia saa ile ile, na mara nyingi hujiachia mlango mwingine wa kuingilia ambao kubadili nywila hakuufungi.

Si kwamba watu ni wavivu. Mwaka 1979 watafiti Robert Morris na Ken Thompson wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, walikagua nywila 3,289 na kukuta asilimia 86 zikiwa fupi mno, za herufi ndogo tupu au kubwa tupu, au zinazopatikana kwenye kamusi na orodha za majina. Wengi katika fani yangu walihitimisha kwamba mtumiaji abanwe zaidi. Ilichukua miaka 20 hadi watafiti Anne Adams na Angela Sasse walipoandika, mwaka 1999, kwamba mtumiaji si adui, na kwamba masharti yanayozidi uwezo wa kumbukumbu ndiyo yanayomsukuma kuandika nywila kwenye karatasi. Hata hivyo mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulisambaza duniani kote desturi ya kuchanganya herufi kubwa, tarakimu na alama kama ! au @. Mwandishi wake, Bill Burr, alikiri hadharani mwaka 2017 kwamba alijutia sehemu kubwa ya ushauri ule. Mwaka huo huo NIST iliuandika upya: nywila isibadilishwe kwa kalenda bali pale tu panapokuwa na ushahidi kwamba imevuja, na mpya ilinganishwe na orodha za zilizokwisha kuvuja. Mwaka 2019 Microsoft nayo iliondoa ukomo wa nywila katika mipangilio ya usalama inayoipendekeza kwa Windows.

Mbona basi ofisi zinang'ang'ania? Kwa ninavyoona, sababu ni ukaguzi. Mkaguzi anaweza kuiona namba 90 kwenye mipangilio na kuweka tiki. Hawezi kuuona undugu wa Machi na Juni. Hata kiwango cha PCI DSS kinachosimamia data za kadi za malipo bado kinataja siku 90 pale nywila inapokuwa kinga pekee, ingawa kinaruhusu njia mbadala. Hakuna meneja wa TEHAMA anayetaka kuwa wa kwanza kuliondoa sharti kisha alaumiwe akaunti ikidukuliwa mwezi unaofuata.

Kwa anayeuliza afanye nini kesho asubuhi, kitu kinachofaa kwanza ni kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili, yaani kudai kitu cha pili juu ya nywila, kama namba inayotumwa kwenye simu, kwa kuwa huo unamkwaza hata mwizi aliyekwisha kuipata nywila. Cha pili ni programu ya kutunza nywila, na mfumo wa ofisi unapodai mpya, aiachie programu hiyo iibuni yote kwa bahati nasibu badala ya kuirekebisha ya zamani. Ile ya kufungulia programu yenyewe, anayopaswa kuikumbuka kichwani, iwe ndefu, ya maneno kadhaa yasiyohusiana, na asiiguse hadi awe na sababu ya kushuku kwamba kuna mtu mwingine anayeijua.