Virginia Woolf: kuitwa "wasifu" haitoshi kuwa wasifu

Wengi wakiona Orlando ya 1928, ya mwandishi Mwingereza Virginia Woolf, imeandikwa ni wasifu wanaamini, na siwalaumu maana ndani kuna mapicha na hadi faharasa kule nyuma kama kitabu cha historia kabisa. Jamani ile ni riwaya! Mhusika anaanza kama kijana wa kiume enzi za Malkia Elizabeth wa kwanza, siku moja anaamka kashakuwa mwanamke, na 1928 bado yupo anadunda, miaka mia tatu na ushee imepita na yeye hata arobaini hajafika. Baadhi ya picha ni rafiki yake Vita Sackville-West kapiga pozi. Utani huo nusura umtokee Woolf puani, wauza vitabu wakasema kama ni wasifu basi kinaenda shelfu la wasifu, naye akaandika kwenye diari kwamba sana sana gharama zitarudi. Kumbe kikauza kushinda vyote vilivyotangulia.

Flush (1933) nayo ni "wasifu", wa mbwa. Mbwa mwenyewe alikuwepo kweli, wa mshairi Elizabeth Barrett Browning, na aliibiwa mara tatu wezi wakidai hela, ila Woolf akazifanya mara moja ili hadithi iende. Sasa wale wanaosema mtu wa riwaya wasifu kwake ni mteremko wamsome alivyohangaika na ule wa kweli, wa rafiki yake Roger Fry (1940), huko huwezi kupunguza wizi na ndugu wa marehemu wapo wanakuangalia.

Halafu kuna hii ya diari yake kuwa machozi mwanzo mwisho, kisa watu wanajua alivyokufa, kwa kujiua. Wapi! Umbea umejaa, nani kaja chai, kitabu kimeuza ngapi. Tarehe 8 Machi 1941, siku 20 kabla hajafa, anaandika kwamba imefika saa moja, akapike, samaki na nyama ya soseji, na kwamba vitu hivyo ukiviandika kama unavishika kidogo.

Hiyo soseji ndiyo wengi wanadhani ni neno lake la mwisho, kwa sababu toleo la diari la 1953 linaishia hapo. Lile mume wake Leonard aliokota tu, hasa yanayohusu uandishi, diari nzima ilitoka baadaye, juzuu 5, 1977 hadi 1984. Na inafika tarehe 24 Machi, sentensi ya mwisho kabisa inamtaja Leonard huyohuyo, kwa herufi L tu, yuko bize na maua bustanini.